Po, Ko, Mo

Taa za ghorofa ya kumi na moja hazina swichi.
Zina jicho dogo darini, jeupe, la duara,
na jicho hilo huamini kinachosogea tu.
Ukitulia dakika nne, linakuhesabu kuwa fanicha.

Leo nimepiga magoti chini ya meza ya mhasibu,
nabandua chingamu iliyogandamana na zulia,
vidole vinakwenda, mwili mwingine wote umenyamaza.
Pap. Giza.
Jengo limekata shauri: humu hamna mtu.

Sikusogea. Ni ukaidi au uchovu, sijui.
Nilitaka kuona nitakuwa nani
nikishatolewa kwenye hesabu.
Goti liliniuma. Sabuni ilinukia ndimu.
Kumbe maumivu hayahitaji taa.

Mwalimu Wanzala, kule Nambale, alitupigilia vichwani:
po ni mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole,
ko ni huko, popote, Mungu anajua,
mo ni ndani.
"Kalamu ipo mezani. Wino umo. Baba yake Nabwire yuko Nairobi."
Darasa likacheka, maana baba alikuwa Nairobi
mwaka wa saba huo, bila barua,
na hakuna sarufi iliyowahi kumsogeza
kutoka kwenye ko aje kwenye po.

Redio ikakoroma kiunoni. Ogutu, mlinzi wa chini.
"Nabwire, uko?"
"Niko."
"Nakuona kwenye skrini, unapiga deki karibu na lifti."
"Siko karibu na lifti. Niko gizani, chini ya meza."
Kimya. Kisha, kwa upole kama anayemsahihisha mgonjwa:
"Lakini nakuona."

Kamera imekwama tangu saa tano na dakika nane.
Kwake yeye bado nimeinama pale,
ndoo ya bluu mguuni, tambara halikauki.
Hachoki yule. Hana goti.
Na mkitupeleka mahakamani sisi wawili
mwenye ushahidi ni yeye.

Asiyekuwapo na lake halipo, husema wahenga.
Basi chingamu hii mkononi mwangu ni ya nani?

Kutoka chini ya meza naona kipande cha dirisha:
Hospitali ya Kenyatta haijalala,
nyuma yake Kibera, cheche, cheche,
na ndege moja inashuka kuelekea Embakasi.
Nawaza: pengine na huko nje kuna jicho darini,
na jiji lote linawaka kwa sababu tu
kuna mtu anajigeuza kitandani Kawangware,
muuguzi anabadilisha dripu,
mbwa wa Golf Course anajikuna.
Wote wakitulia dakika nne kwa pamoja...
Wazo hilo sikulimaliza.

Tena kazi yangu yenyewe ni hii, kufuta.
Pete za chai, alama za vidole kwenye kioo,
nywele kwenye sinki, makombo ya sambusa,
kila dalili kwamba mchana watu walikuwemo.
Nikifanya vyema, mhasibu ataingia asubuhi
akute chumba kilichokuwa hivi tangu dunia iumbwe.
Unyayo wangu ndio wa mwisho.
Naufuta nikirudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Goti likanishinda. Nikapunga mkono
kama anayesimamisha gari la mtu asiyemjua,
na taa zikarudi zote kwa mpigo, bila haya,
na meza zilikuwepo, na viti,
vimekaa kama nilivyoviacha,
au kama vilivyojipanga haraka niliposogea.
Sikuvigusa kuhakikisha.

"Ogutu, bado unaniona?"
"Bado. Hujasogea hata kidogo."
"Mwambie apumzike."